Cheni ya Katekista

Nimetunza mitambo mingi maishani, mingine mikubwa kiasi kwamba watu wa kijijini kwetu nikiwaeleza wanadhani natia chumvi. Lakini hakuna kitu kilichonitoa jasho bure kama cheni ya baiskeli ya baba yangu. Nasema bure kwa sababu najua mambo yalivyoisha, na sioni faida ya kumficha msomaji.

Nijieleze kidogo, ili ieleweke kwa nini nilijiamini. Niliondoka nyumbani, upande huu wa Mpitimbi, nikiwa na begi moja na viatu vya kuazima. Niliosha malori Makambako. Nilibeba zege Dar es Salaam mchana na jioni nikaenda darasani, mpaka nikapata diploma ya ufundi mitambo, na hakuna mjomba wala padri aliyenilipia karo hata ya muhula mmoja. Kisha nikaajiriwa katika kiwanda kimoja cha pwani, idara ya matengenezo. Huko kazi yangu ilikuwa minyororo ya kuvutia mizigo, mingine pingili yake moja huwezi kuinyanyua peke yako. Mnyororo ukikatika, kiwanda kizima kinasimama na wakubwa wote wanakutazama wewe. Chini ya mikono yangu haukukatika.

Niliporudi nilijenga. Matofali ya kuchoma, bati la msauzi, vigae sakafuni, sola juu. Diploma niliitundika sebuleni, pale ambapo wengine hutundika kalenda. Wapo wanaosema najisifu. Aliyejengewa na baba yake anyamaze. Mimi nilijijenga mwenyewe, kwa hiyo nitasema.

Baba hakuhamia kwenye nyumba yangu. Alibaki kwenye yake ya zamani, ng'ambo ya uwanja, kwa sababu, alisema, watu wamezoea kumkuta pale. Na watu walikuja kweli, maana baba alikuwa katekista. Parokia yetu ina vijiji vingi kuliko mapadri, hivyo kila kijiji cha mbali kina kanisa dogo, tunaliita kigango, na Jumapili ambayo padri hafiki ni katekista anayeongoza ibada. Anasoma masomo, anahubiri, anawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, anazika. Kigango cha baba kiko upande wa pili wa bonde, na alikiongoza tangu mimi sijazaliwa.

Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kutembea mwendo mrefu hakuweza tena. Lakini juu ya baiskeli magoti yanazunguka bila kubeba uzito wa mwili, kwa hiyo kwa baiskeli alifika. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, ya zamani, haina gia, ina keria ya chuma nyuma ambayo ingeweza kubeba mbuzi wawili. Pikipiki hazikusaidia kitu. Msimu wa mvua, ambao sisi tunauita kifuku, ukishachanganya, madereva wa bodaboda hawateremki lile bonde hata uwape hela mara mbili. Njia inabaki ya miguu na ya baiskeli, na kwenye mto kuna magogo tu.

Kifuku cha kwanza baada ya mimi kurudi, paroko alimwita baba. Alimweleza kwa heshima kwamba waumini wa kigango wamelalamika: msimu uliopita walikaa Jumapili nyingi bila ibada. Ikitokea tena msimu huu, baba atapumzishwa, na kigango atapewa kijana aliyemaliza semina ya makatekista, anayeishi huko huko. Baba alinisimulia haya tukiwa tunakula, macho yake kwenye ugali.

"Si ndiyo raha?" nilimwambia. "Kazi umefanya ya kutosha. Pumzika."

"Nipumzike nifanye nini?"

"Ukae. Ule."

"Kula nakula sasa hivi," alisema. Alinawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Wale watu nimewafundishia watoto, nimewazikia wazazi. Nikikaa hapa Jumapili, nitakaa kama nani?"

Nikamwuliza kinachomchelewesha ni nini hasa.

"Cheni. Ikishika tope inakataa. Nashuka, natoa tope kwa kijiti, napanda, inakataa tena. Nikifika, watu wameshaondoka."

"Hiyo cheni niachie mimi," nikamwambia. Nilitamka kama mtu aliyeombwa kufunga mlango.

Sasa nieleze tope letu. Ni udongo mwekundu, unanata kama unga uliopikwa vibaya, na ndani yake kuna chembe za mawe ambazo huzioni mpaka uzisugue kati ya vidole. Cheni ikiwa kavu, mvua inaingia kwenye pingili, na kesho yake asubuhi ina kutu na inalia. Cheni ikiwa imelowa mafuta, tope linaganda juu yake, linachanganyika na mafuta, na mchanganyiko huo ni msasa. Kila ukikanyaga pedali unajisagia cheni mwenyewe. Kati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, nami nilikuwa naijua. Unaiosha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, pingili kwa pingili. Unaifuta, unaiacha ikauke kabisa. Unadondosha tone moja dogo la oili safi juu ya kila kipipa kinachozunguka katikati ya pingili, unazungusha pedali taratibu mpaka mafuta yazame ndani. Halafu, na hapa ndipo watu wengi hukosea, unachukua kitambaa kikavu na kufuta mafuta yote yaliyobaki nje. Mafuta yanatakiwa ndani. Nje cheni ionekane kama haijawahi kuguswa.

Nilifanya hivyo. Baba aliichunguza, akapitisha kidole.

"Hukuweka mafuta."

"Yamo ndani."

"Watu watasema mtoto wa katekista amerudi na diploma, baiskeli ya baba yake haina mafuta."

Jumapili iliyofuata alifika kigangoni mapema, akawakuta wanafagia kanisa. Aliporudi alinisifu mbele ya wageni, jambo ambalo baba hafanyi. Nilifurahi kupita kiasi, nakubali. Nilidhani tumemaliza.

Sikuwa nimeihesabu desturi. Kwetu ukiazima baiskeli ya mtu huirudishi hivi hivi. Unaiosha, halafu unaimwagia cheni mafuta. Hiyo ndiyo asante. Karibu kila nyumba ina kichupa, mara nyingi kilikuwa cha dawa ya kikohozi, ndani yake kuna oili chafu iliyoombwa kwa mwenye mashine ya kusaga au kuletwa kutoka kwa mafundi wa magari Songea mjini. Na unamwaga kadiri unavyomheshimu mwenye baiskeli. Baba alikuwa anaheshimiwa kuliko mtu yeyote katika kijiji kile. Baiskeli yake ilipeleka mahindi mashineni, ilipeleka wagonjwa zahanati, na kila iliporudi cheni ilikuwa inatiririka.

Wa kwanza niliyemfuma alikuwa mama mmoja jirani, rika la marehemu mama yangu, ambaye mume wake alikuwa mgonjwa siku nyingi. Aliingia uwanjani akiikokota baiskeli, matone meusi yakimfuata nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimemrudishia katekista farasi wake. Hebu mwone anavyong'aa!"

"Mama, safari nyingine usihangaike na mafuta."

"Kwa nini? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mafuta mengi yanakamata tope, yanaila cheni."

"Kwa hiyo niirudishe kavu? Kama nimeazima kwa mlevi?" Alicheka, akamgeukia baba aliyekuwa ametoka mlangoni. "Katekista, huyu mwanao amesoma mpaka asante haijui tena."

"Mwache huyo," baba alimjibu. "Imependeza kweli kweli. Asante sana, mama."

Alipoondoka nikamgeukia baba. "Umemwambia imependeza!"

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Amemwacha mume wake kitandani, akapitia mashineni kuniombea mafuta. Na huo si ukweli?"

Nikachukua mafuta ya taa na mswaki, nikaanza upya.

Niliona dawa ni elimu. Kwenye sala za jumuiya, baada ya matangazo, niliomba nafasi nikasimama. Nilieleza vizuri, bila maneno makubwa. Nilionyesha kipande cha cheni ya zamani, nikawapitishia tope lenye mafuta walisugue kwa vidole, waione ile michanga. Nimewahi kufundisha mafundi wachanga kiwandani, najua kufundisha. Mzee mmoja wa nyuma alinyoosha mkono.

"Injinia, na ugali nao tule bila mboga, usije ukakamata tope?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mwingine akadakia: "Mwacheni jamani, huko pwani walikuwa wanapaka mafuta kwa diploma!" Nilicheka nao. Mtu aliyefika mbali hakasirishwi na vitu vidogo.

Hata hivyo walinisikia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Walichokibeba kutoka kwenye somo langu ni kwamba oili chafu ni mbaya kwa sababu ni chafu. Basi wakaleta safi. Wiki ile ile baiskeli ilirudi ikiwa imemwagiwa mafuta ya alizeti, ya kupikia, mazuri, ya kukamua wenyewe, mafuta ambayo mama mwenye nyumba angeweza kuyaungia mboga siku kadhaa. Walijinyima kwa ajili ya katekista wao. Mafuta ya alizeti yakikaa kwenye chuma na hewa yanakauka yanakuwa gundi. Cheni ilikakamaa, ukiinyanyua pingili zinabaki zimekunjwa kama vidole vya mgonjwa. Mafuta ya taa hayakutosha. Nilikwangua kwa kisu.

Nilinunua kufuli. Baba aliniomba ufunguo, nikampa. Siwezi kumnyima baba yangu ufunguo wa baiskeli yake. Asubuhi hiyo hiyo ilikwenda zahanati na mama mjamzito kwenye keria, ikarudi inanuka kama chapati.

Nikatengeneza mfuniko. Nilikata dumu la plastiki, nikalikunja kwa moto, nikalifunga kwa waya kuizunguka cheni nzima, juu na chini. Bado nasema ilikuwa kazi nzuri, na fundi yeyote angesifu zile kona. Kwa vumbi ungefaa miaka. Lakini tope letu liliingia kwa chini na halikupata pa kutokea, likajaa humo ndani hadi cheni ikawa inapita kwenye mfereji wa udongo. Jumapili hiyo baba hakufika. Alirudi kutoka katikati ya bonde akiwa ameshika mfuniko mkononi, ameung'oa, na hakunilaumu. Aliuweka tu ukutani, nje ya mlango wangu.

Sasa Jumapili zilizokosekana zilianza kuongezeka, na sote wawili tulikuwa tunajua bila kutajiana. Nilikwenda mjini nikanunua cheni mpya. Ile ya zamani ilikuwa imelegea na kurefuka kwa kusagika. Lakini cheni haisagiki peke yake, inayasaga na meno. Meno ya sahani ya mbele yalikuwa yamechongoka kama ya papa, na cheni mpya haikai kwenye meno ya namna hiyo. Ukikanyaga kwa nguvu inaruka. Friwili ya nyuma niliipata. Sahani ya mbele ya baiskeli ya umri ule hakuna duka lililokuwa nayo, na muuzaji mmoja alicheka akaniambia nitafute makumbusho. Nikachukua tupa nikayachonga meno moja moja, mchana mzima, nikipima kwa kucha. Kwenye uwanja wa nyumbani ilizunguka vizuri. Uwanja wa nyumbani ni tambarare.

Jumapili iliyofuata niliamua kwenda naye, mimi kwa miguu nyuma, na mfuko wenye mswaki, kitambaa na kichupa cha oili safi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kuteremka bonde haikuwa shida, alishika breki na kuniacha. Nilimkuta mtoni kwenye magogo, amesimama. Tope lilikuwa limejaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu halizunguki, na cheni huioni. Tulivuka. Nilishusha baiskeli kwenye maji, nikaiosha, nikaifuta kwa kitambaa, kitambaa kilipolowa nikaifuta kwa shati langu, nikadondosha matone yangu, nikafuta nje. Kwa dakika chache ilikuwa cheni nzuri kuliko zote katika mkoa wa Ruvuma.

Kisha kile kilima. Baba alipanda, akakanyaga, cheni ikaruka. Akakanyaga tena, ikaruka, mguu ukateleza, goti likagonga bomba la fremu. Alishuka. Nikaondoa udongo, akajaribu tena. Mlio ule wa cheni kuruka kwenye meno nilikuwa naujua tangu kiwandani, na najua maana yake: hakuna mafuta duniani yanayoutibu. Sikumwambia. Nilidondosha mafuta mengine.

"Tangulia," alisema. "Waambie nakuja."

"Sikuachi hapa."

"Basi shika nyuma, sukuma."

Tulisukuma. Yeye aliegemea usukani kama fimbo, mimi nikasukuma keria, na kila hatua chache alisimama kushika goti. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, nikarudi kukitoa. Tulipofika juu tulisikia kuimba. Wakati huo nilifurahi, nikasema, "Umeona, wanakusubiri." Baba alijua wimbo ule huimbwa mahubiri yakishaisha.

Kanisa lilikuwa limejaa. Yule kijana aliyetajwa na paroko alikuwa amesimama mbele, shati limepigwa pasi, kitabu mkononi. Alipomwona baba mlangoni, ametapakaa tope hadi mapajani, alisimamisha kila kitu.

"Katekista, karibu. Njoo uendelee."

"Umefikia wapi?"

"Maombi ya waumini."

"Endelea, mwanangu," baba alisema, akaketi kwenye benchi la nyuma, la wanaochelewa. Kijana aliendelea. Ningependa kusema aliongoza vibaya. Aliongoza vizuri, sauti yake ilifika hadi nje, na watoto walijibu wote kwa pamoja.

Baada ya ibada watu walimzunguka baba. Mama mmoja alileta maji ya moto kwenye beseni, akamwosha miguu, wengine wakimpa pole kwa maneno ambayo huambiwa mtu aliyefiwa. Nilipotoka nje kuiangalia baiskeli nilikuta vijana wameiegesha ukutani, wameiosha ikawa safi kabisa, na mmoja alikuwa amechuchumaa anamimina oili chafu kwenye cheni kutoka kwenye chupa kubwa ya soda, bila haraka, anahakikisha hakuna pingili aliyoiruka.

"Tumemwekea ya kutosha, kaka," aliniambia. "Ya kumfikisha nyumbani."

Nikamwambia asante. Nilikuwa nimechoka.

Paroko alitangaza kabla ya Pasaka. Alimsifu baba sana, kwa haki, na parokia ikampa blanketi na rozari. Watu wa kigango walipiga vigelegele, kisha wakampigia vigelegele yule kijana, na sidhani vilipungua. Baba alishukuru kwa maneno machache. Mimi nilikaa benchi la mbele nikiwa nimevaa suti yangu, na nilimtazama paroko usoni, lakini ningesema nini? Kila alichosema kilikuwa kweli.

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka niliamka nikamkuta baba uwanjani amevaa kanzu yake nyeupe, kitabu cha masomo kwapani. Baiskeli hakuigusa. Nilimwuliza anakwenda wapi.

"Nanyoosha miguu."

Nilimfuata. Alitembea taratibu, akipumzika kila palipokuwa na kitu cha kuegemea, na watu waliokutana nasi walimwamkia, "Shikamoo katekista," naye akaitikia. Tulikwenda hadi pale njia inapoanza kuteremka bondeni. Tope lilikuwa bado jingi, limekatwakatwa na kwato na matairi. Alisimama ukingoni. Ng'ambo lilionekana bati la kanisa, dogo, na moshi wa nyumba za jirani.

"Wameanza?" aliniuliza.

"Kutoka hapa huwezi kusikia, baba."

"Najua." Alilitazama jua, lilikokuwa limefika. "Sasa hivi wanasoma somo la kwanza."

Alifungua kitabu, akatafuta ukurasa, akasoma kimya, midomo ikicheza. Ilimchukua muda kwa sababu macho nayo si mazuri. Mimi nilisimama pembeni, na mikono yangu, ambayo imefungua na kufunga mitambo ya kiwanda kizima, sikujua niiweke wapi. Alipomaliza alifunga kitabu, akaniomba bega, tukageuka kurudi.